Kampuni Ikianza Kuzungumzia Muundo Mpya: Jinsi ya Kujipanga Kabla Jina Lako Halijaingia Kwenye Orodha

Kuipenda kazi yako ni jambo moja. Kuamini kwamba kampuni itakulinda kwa sababu uliipenda ni jambo jingine kabisa. La kwanza endelea nalo, la pili liache leo. Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa muda mrefu hapa Dar es Salaam, na nimekaa upande wetu wa meza kwenye mashauriano ya kupunguza watu zaidi ya mara moja. Waliotoka mikono mitupu mara nyingi walikuwa wale wale waliokuja kazini hata Jumapili na hawakuwahi kuomba ruhusa ya msiba mpaka wasukumwe, lakini nyumbani hawakuwa hata na nakala ya barua ya ajira. Naandika kwa ajili yao, na kwa vijana wanaoingia sasa kwenye mabenki, kampuni za simu, migodi na viwanda wakidhani wamefika.

Ninayoyasema yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar mna sheria yenu ya ajira, Na. 11 ya 2005, ifuateni hiyo. Wakenya nitawagusa mahali pamoja, kwa sababu tofauti yetu na wao inafundisha.

Hesabu ya kuifanya usiku huu

Chukua salari slipu yako ya mwezi uliopita. Tafuta mstari wa mshahara wa msingi, siyo jumla, wala kile kinachoingia benki. Tuseme msingi wako ni shilingi 1,300,000.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inataka ukipunguzwa ulipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka mzima uliofanya kazi mfululizo. Siku moja inapatikanaje? Jedwali lililo nyuma ya sheria hiyo linagawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wiki, halafu wiki inagawanywa kwa siku unazofanya kazi. Hapa wiki inakuja kama 300,000. Kama unafanya kazi siku 5, siku yako ni 60,000, na siku 7 ni 420,000. Hiyo ndiyo thamani ya mwaka mmoja wako.

Sasa soma mwisho wa kifungu: kuhesabu kunakoma kwenye miaka 10. Aliyekaa miaka 10 anapata 4,200,000. Aliyekaa miaka 26, aliyeifungua ofisi ile ikiwa bado ina feni za dari, anapata 4,200,000 vilevile. Miaka 16 ya ziada haimo kwenye hesabu. Nimewahi kumwonyesha mzee mmoja wa karakana hesabu hii kwenye karatasi, akanyamaza, kisha akaniomba niirudie polepole kuanzia juu. Alidhani nimekosea kuzidisha.

Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, na haikuweka mwisho wa miaka. Aliyekaa miaka 26 analipwa miaka 26. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba haiwezekani duniani kote. Jirani wameliweka kwenye sheria yao. Sisi tunalazimika kulipata kwenye meza ya majadiliano, na nitarudi hapo mwishoni.

Angalia pia kigawanyo kitakachotumika. Nimeona makadirio yaliyogawanya mshahara kwa 30. Mshahara ule ule wa 1,300,000 ukiugawanya kwa 30 siku inakuwa 43,333, na miaka 10 inaleta kama 3,033,000. Zaidi ya milioni moja na laki moja imeondoka, na hakuna aliyekufokea wala kukunyang'anya kitu. Kama unafanya kazi siku 6 kwa wiki, siku yako halali ni 50,000, sawa na kugawanya kwa 26. Jua ipi ni yako kabla hujaingia kwenye chumba.

Na kwa sababu kinachohesabiwa ni msingi peke yake, ongezeko la mshahara likija, omba liwekwe kwenye msingi. Menejimenti hupenda kuongeza posho ya nyumba, posho ya usafiri, posho ya simu. Kila mwezi mfukoni huoni tofauti. Siku ya kuondoka utaiona.

Jalada la nyumbani

Nunua faili la kawaida la kamba. Weka humo barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, kila barua ya kupandishwa cheo au kuhamishwa, tathmini zako za utendaji, fomu za likizo, barua za pongezi, na salari slipu, angalau moja ya kila mwaka na zote za mwaka huu. Nakala ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya masharti ya kazi kati ya chama na mwajiri, kama tawi lenu linao. Taarifa ya michango yako ya NSSF, uliyoichapisha mwenyewe.

Piga picha, chapisha, peleka nyumbani sasa, wakati kitambulisho chako bado kinafungua mlango. Siku ya kupunguzwa, barua pepe ya kazini hufungwa kabla hujamaliza kikao. Lakini chukua karatasi zinazokuhusu wewe tu. Ukijitumia orodha ya wateja au taarifa za biashara, umewapa kosa la kinidhamu, na mtu aliyefukuzwa kwa kosa hana mazungumzo ya kiinua mgongo.

Katika karatasi zote hizo kuna mstari mmoja watu hawausomi: mahali ulipoajiriwa. Mwajiri akikuachisha kazi mahali tofauti na pale alipokuajiri, sheria inamtaka akusafirishe wewe na mizigo yako kurudi ulikoajiriwa, au akulipe gharama hiyo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri kati ya kuachishwa na kusafirishwa. Kijana mmoja wa kwetu aliajiriwa akiwa Mbeya kwenye tawi la huko, akahamishwa Dar es Salaam, akaoa, akapata watoto wawili, akanunua makochi na friji. Kampuni ilisema yeye ni wa Dar kwa kuwa mkataba mpya aliosaini baada ya kuhamia uliandika Dar. Kilichomwokoa ni barua yake ya kwanza kabisa, yenye anwani ya Mbeya na muhuri wa tawi la Mbeya, ambayo mkewe aliihifadhi ndani ya Biblia. Alilipwa lori na siku zote alizosubiri. Kwa hiyo ukisaini mkataba mpya kazini, soma mstari huo kwanza, na ule wa zamani usiutupe.

Kama uko kwenye mkataba wa muda maalum unaoongezwa mwaka hadi mwaka, jalada lako lina kazi nyingine. Kutokuongezewa mkataba kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa isivyo halali pale ulipokuwa na matarajio ya msingi ya kuongezewa. Matarajio yanathibitishwa kwa maandishi: barua pepe ya meneja inayokupangia kazi za mwaka ujao, ratiba ya mafunzo ya baada ya mkataba kuisha, mikataba ya nyuma iliyoongezwa bila shida. Tunza hizo kama unavyotunza vyeti vya shule.

Dalili

Zinafanana kila mahali, nazitaja haraka. Nafasi za wanaostaafu hazijazwi. Ulinzi, usafi na udereva vinakwenda kwa wakala, yaani kampuni ya nje inayoleta watu wake, halafu huduma kwa wateja inafuata. Washauri kutoka nje wanapita meza kwa meza wakiuliza unafanya nini na kwa saa ngapi. Unalazimishwa kumaliza likizo ulizolimbikiza. Unaletewa kijana wa wakala umfundishe kazi yako yote, na mshahara wake ni sehemu ndogo ya wako. Maneno "muundo mpya" yanaanza kuonekana kwenye matangazo, kisha mnaambiwa wote muombe upya nafasi mlizonazo. Ukifika hapo, omba, ila ambatanisha barua fupi inayosema kuomba kwako si kuachia masharti ya ajira uliyonayo.

Kijana wa wakala usimchukie. Mfundishe vizuri na mwingize kwenye chama kama inawezekana. Hana alichokuibia, na kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu yeye yuko mlangoni kuliko wewe.

Wazee wetu hukumbuka enzi za mashirika ya umma, nyumba ya shirika, basi la shifti, zahanati ya kiwanda, na husema zamani kazi ilikuwa kazi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake wa reli, bandari, posta na ndege walibaki kudai stahili zao kwa miongo, wengine mpaka wakazikwa. Miaka ya 1990 ubinafsishaji ulipokuja, NBC yenyewe, benki ambayo karibu kila mtu alidhani haiwezi kuguswa, iligawanywa mwaka 1997. Nayasema haya kwa kuwa nasikia vijana wakijilaumu kwamba wamezaliwa wakati mbaya. Hifadhi ya ajira haikuwahi kutoka kwenye moyo wa mwajiri. Ilitoka kwenye sheria, chama na siasa za wakati ule, na vyote vitatu ni vitu watu walivipigania.

Mashauriano: hapa ndipo uwezo wako ulipo

Watu wengi hufikiri mapambano ni mahakamani. Mahakamani unafika umeshapoteza mshahara. Wakati wako wa nguvu ni ule kabla ya uamuzi, na kifungu cha 38 cha Sheria Na. 6 ya 2004 kimekupa wakati huo. Mwajiri akishaanza tu kufikiria kupunguza, anatakiwa atoe taarifa, atoe habari zote zinazohitajika ili mazungumzo yawe ya maana, na ashauriane nanyi kabla ya kumwondoa yeyote. Mambo ya kushauriana yametajwa: sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuwachagua watakaoondoka, wakati wa kufanya hivyo, na malipo. Kama kuna chama kinachotambuliwa anashauriana nacho. Kama hakuna, anashauriana nanyi wenyewe. Msipoafikiana, jambo linakwenda kwa usuluhishi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kila mtu huiita CMA.

Kwa maneno mengine, kikao cha kwanza hakitakiwi kuwa cha kutangaziwa. Mkiitwa Ijumaa saa tisa alasiri, mkapewa soda, mkaambiwa "jamani, sisi ni familia moja, lakini hali ya biashara ni ngumu", kisha bahasha zikaanza kugawiwa kwa majina, hapo hakuna mashauriano yaliyofanyika. Semeni hivyo kwa sauti, na mtake iandikwe kwenye muhtasari.

Swali langu la kwanza huwa moja: "Orodha ya majina ipo tayari?" Nauliza kabla ya chochote, na namwomba anayeandika muhtasari aliandike swali na jibu. Jibu likiwa ndiyo, wamevunja utaratibu, kwa kuwa vigezo vya kuchagua watu vinatakiwa kujadiliwa kwanza. Jibu likiwa bado, nalitunza. Katika kikao kimoja tulijibiwa "bado, tunasubiri maoni yenu". Baada ya wiki chache orodha ikatolewa, kurasa nne, na chini kabisa ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo, kompyuta ilikuwa imechapa tarehe. Ilikuwa ya kabla ya kikao chetu cha kwanza. Sikupiga kelele. Niliiweka ile karatasi mezani, nikaweka na muhtasari pembeni yake, nikageuza zote mbili ziwaelekee. Mazungumzo yalianza upya siku hiyo hiyo, na waliokuwa wapewe kiwango cha chini cha sheria wakatoka na miezi kadhaa ya mshahara juu yake.

Baada ya swali hilo ombeni kwa barua: idadi ya nafasi zinazofutwa na sababu ya kila idara, muundo wa sasa na ule mpya, nafasi zilizo wazi kwenye matawi mengine, gharama ya wakala ikilinganishwa na yenu, na vigezo vya kuchagua. Kwenye vigezo msikubali maneno laini kama "mtazamo chanya" au "kuendana na utamaduni wa kampuni". Hayo hayapimiki, na mlango wa chuki binafsi hupitia hapo. Kigezo kinachopimika ni muda kazini, ujuzi unaohitajika kwa kazi iliyobaki, sifa za elimu, rekodi ya utendaji iliyosainiwa na pande zote mbili. Mimba, uanachama wa chama, au kwamba ulishawahi kulalamika haviruhusiwi kuwa sababu.

Halafu nendeni na mapendekezo yenu. Kusitisha ajira mpya, kufuta saa za ziada, kuwaruhusu waliokaribia kustaafu waondoke mapema kwa malipo mazuri, kuhamisha watu idara, kupunguza siku za kazi kwa muda. Mengine yatakataliwa. Lakini pendekezo lililokataliwa bila sababu ni ushahidi wenu baadaye, na lililokubaliwa ni mtu mmoja aliyebaki na kazi yake.

Sasa karatasi ya mahudhurio. Itazungushwa, wengi mtasaini bila kuangalia kichwa chake. Mama mmoja wa stoo aliishika mkononi akaniuliza mbele ya watu wote, "Dada Katibu, hii nikisaini nimekubali nini?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile. Kichwa cha karatasi kilisema wafanyakazi "walioshauriwa na kuafiki". Tukawataka wakibadilishe, wakakibadilisha. Ukikuta hali hiyo na hakuna wa kumwuliza, andika kwa mkono pembeni ya jina lako: nimehudhuria tu. Weka tarehe. Kisha piga picha kwa simu.

"Hiari"

Mara nyingi kabla ya kupunguza kwa lazima, kampuni hutoa mpango wa kuondoka kwa hiari. Kuna mipango mizuri. Kama una biashara inayosimama, au kazi nyingine imeshakuita, na malipo ni makubwa kuliko ambayo kupunguzwa kwa lazima kungeleta, chukua uende kwa amani. Ninachokuomba ujue ni kwamba makubaliano ya hiari yakishasainiwa, ni vigumu sana kurudi kudai kwamba uliachishwa isivyo halali. Kwa hiyo bei yake lazima iwe kubwa, na masharti yote yawe kwenye karatasi: kiasi kabla na baada ya kodi, tarehe ya malipo, nani atalipa bima ya afya na mpaka lini.

Kitu tofauti kabisa ni kuombwa uandike barua ya kuacha kazi. Meneja anakuita pembeni, anazungumza kwa upole, "dada yangu, andika tu mwenyewe, itakupendezesha kwenye kazi yako inayofuata". Usiandike. Aliyeacha kazi mwenyewe hana kiinua mgongo cha kupunguzwa, na NSSF haimlipi fao la upotevu wa ajira. Fao hilo, kwa aliyechangia miezi isiyopungua 18, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Siyo utajiri, lakini ni kodi ya nyumba na unga. Barua ya mistari mitatu inaliondoa.

Na kwa karatasi yoyote inayohitaji sahihi yako siku ya mwisho, sema: "Naomba niende nayo nyumbani, nitaileta kesho." Ukiambiwa ofa inakufa leo saa kumi na moja, ujue kuna kitu ndani yake kisichovumilia kusomwa mara mbili.

Mkopo wa mshahara

Hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu ndipo nilipoona machozi. Benki inakupa mkopo wa miaka mingi kwa dhamana ya mshahara. Unajenga, unasomesha, ni jambo jema. Siku unapopunguzwa, fedha zako zote za mwisho zinapita kwenye akaunti ile ile, na benki inajikata kwanza. SACCOS ya kazini nayo inakata. Watu wenye miaka mingi kazini wamefungua simu wakakuta salio la kununulia mchele na mafuta tu.

Fanya haya mapema. Tafuta mkataba wako wa mkopo na usome sehemu ya bima. Baadhi ya bima za mikopo hufidia kifo na ulemavu tu, nyingine hufidia na kupunguzwa kazi kwa miezi fulani. Watu wengi wanalipia bima hiyo bila kujua inafidia nini. Kama yako inafidia kupunguzwa, utahitaji barua inayotaja neno hilo, na aliyeondoka kwa hiari anaweza kukataliwa. Dalili zikianza, usiongeze mkopo juu ya mkopo, hata kama ofisa wa benki anakupigia kila wiki. Ukishapata barua, nenda benki mwenyewe kabla fedha hazijaingia, uombe ratiba mpya ya marejesho. Ukiwahi, unazungumza na mtu. Ukichelewa, unakuta mfumo umeshakata.

Siku ya kutoka, na siku 30 zinazofuata

Karatasi ya malipo ya mwisho iwe na mistari inayojitegemea: mshahara wa siku ulizofanya kazi, notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), likizo ambayo hukuchukua pamoja na sehemu ya likizo ya mwaka ambao haujaisha, kiinua mgongo, nauli na mizigo kama unastahili. Ukiona namba moja kubwa bila mchanganuo, rudisha, omba mchanganuo. Chukua cheti cha utumishi na usome jina na tarehe kabla hujatoka getini. Jina lililokosewa herufi moja litakusumbua NSSF kwa miezi.

Kama unaamini sababu haikuwa halali, au utaratibu ulivunjwa, una siku 30 tu tangu kuachishwa kufungua shauri CMA kwa fomu namba moja. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Hesabu Jumamosi na Jumapili humo. Watu hupoteza siku hizo wakisubiri "mkurugenzi arudi safari" au wakiogopa kuonekana hawana shukrani. Fungua shauri kwanza, mazungumzo yaendelee huku. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze sababu ya kila siku iliyopita. Na ukifika mbele ya msuluhishi, jua kwamba mwenye mzigo wa kuthibitisha kuwa alikuachisha kihalali ni mwajiri. Kazi yako ni kuonyesha kwamba uliachishwa na kuleta jalada.

Nyumbani waambie siku hiyo hiyo. Mwenzi wako akijua mapema, ada za shule zinapangwa upya na mchango wa harusi unapunguzwa bila aibu. Nimewajua wanaume walioendelea kuvaa shati na kutoka asubuhi kwa wiki nzima, wakikaa Mnazi Mmoja mpaka jioni. Fedha ya notisi iliishia kwenye nauli na chai.

Kwa mnaobaki

Mtabaki mkiwa na kazi ya watu wawili na woga, na menejimenti itawashukuru kwa uvumilivu. Huo ndio wakati wa kuita mkutano wa tawi, jeraha likiwa bado linauma na mahudhurio yakiwa makubwa. Mkataba wa hali bora unaofuata ufunguliwe na madai mawili. Kwanza, kiinua mgongo kihesabu miaka yote ya utumishi, bila ukomo wa 10. Sheria imeweka kiwango cha chini, haijamkataza mwajiri kulipa zaidi. Pili, nafasi zikirudi, waliopunguzwa waitwe kwanza, na majina yao yaambatanishwe kama jedwali nyuma ya mkataba, ili atakayekuja kuwa meneja miaka mitano baadaye asiseme hawafahamu.

Orodha hiyo ya majina iandaeni wiki hii, pamoja na namba zao za simu za sasa. Mtu akishapunguzwa, laini ya ofisi hufungwa, na baada ya miezi michache hakuna anayejua wa kumpigia.